Sayari Yenye Mwaka wa Siku Tatu

Kilosa,
Jumatano, 11 Juni 2025.

Kwa rafiki yangu Naishorua,

Habari za siku nyingi? Mifugo haijambo? Na mguu wa baba unaendeleaje? Tangu nyati amjeruhi mzee Kisio, nimekuwa nikimuuliza kila mtu anayetoka pande za Mikumi, na juzi nimesikia sasa anatembelea fimbo moja badala ya mbili. Nilishukuru sana. Mfikishie shikamoo yangu, na mama pia. Sisi huku tu wazima. Mvua zimekata, vumbi limeanza, na mitihani ya nusu muhula imetutoa jasho walimu kuliko wanafunzi.

Barua hii nampa mdogo wako Sapit, ambaye amekuja mjini kununua dawa ya kupe. Najua kwenu simu haishiki mpaka mtu apande kilimani. Lakini hata ingeshika, haya nisingekuandikia kwa simu.

Kwanza pokea habari njema. Ile nyota yetu ina sayari kweli! Wataalamu wa nje waliiangalia kwa darubini kubwa, wakapima jinsi nyota yenyewe inavyoyumba kidogo, ikivutwa huku na huku. Wanasema kinachoivuta ni sayari kubwa kama Mshtarii, ila hii imeisogelea nyota yake mno, mpaka inaizunguka kwa siku tatu na saa nane tu. Huo ndio mwaka wake, Naishorua. Mtoto akizaliwa kule Jumatatu, Ijumaa ameshatimiza mwaka. Si kwamba mtu angeweza kuzaliwa kule, maana joto lake linayeyusha shaba.

Siku ile ya grafu sitaisahau. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa pili, tuko maabara. Mimi ndiye niliyetuandikisha kwenye ile kazi ya kujitolea ya kukagua grafu za mwanga wa nyota, lakini nilikuwa nazipitia kwenye kompyuta haraka haraka, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. Wewe ulikuwa umemaliza kuosha vyombo vya maabara. Ukazichapa zile grafu, ukazigundisha moja baada ya nyingine, ukazitandaza juu ya meza tatu. Kisha ukaniita.

“Madam, njoo uone. Hii inafifia kwa vipindi sawa.”

Nilikujibu kwamba hizo ni nyota mbili zinazopitana, moja inaiziba nyingine, na kwamba hayo yanaonekana kila siku. Ukaniuliza kama nyota mbili zinaweza kulingana mwanga. Nikasema ni mara chache. Hukubishana. Ulichukua rula na penseli, ukapima mabonde yote saba ya ile grafu, pale mwanga unaposhuka, la kwanza mpaka la mwisho.

“Yote yana kina kimoja,” ukasema. “Zingekuwa nyota mbili, bonde moja lingezidi jirani yake. Hiki ni kitu kimoja kidogo kinachopita mbele ya nyota.”

Nikasema tutaangalia. Wiki iliyofuata ikaja habari ya mzee, ukaondoka na begi moja.

Jibu la wataalamu lilipofika mwezi uliopita, shule nzima ilisimama. Mkuu wetu, Madam Magreti, alilisoma paredi, wanafunzi wakapiga makofi mpaka wapita njia wakachungulia getini. Afisa elimu akaja kunipa mkono. Nikaalikwa kwenye mafunzo ya wiki sita, Dar es Salaam, ya kuchambua mwanga wa nyota. Kila niliyekutana naye sokoni alinipongeza.

Kisha siku moja Mwalimu Urbanus, yule wa kemia, aliingia maabara kutafuta mizani. Akaziona karatasi zako nyuma ya kabati, akazikunjua, akasoma.

“Hesabu hizi za penseli ni mwandiko wa nani?” akaniuliza.

Nikamjibu ni makaratasi ya zamani. Aliniangalia kidogo, akazikunja vizuri, akazirudisha. Siku ile niliingia kidato cha tatu nikashindwa kufundisha. Niliwapa zoezi, nikakaa.

Naishorua, jina lako halikuwepo. Fomu ya kutuma taarifa ilikuwa na nafasi ya majina ya wote walioona, nami niliandika moja, langu. Siwezi kukuambia nilisahau. Nilikukumbuka kabisa, mkono ukasita, kisha nikaendelea. Nilijiambia kwamba wewe ni fundi wa maabara tu, umeshaondoka, labda hutarudi, na nani atauliza? Vipimo vyako vyote saba nilivinakili kama vyangu. Na nilipoalikwa kwenye mafunzo nilikubali siku hiyo hiyo. Umri wangu huu, mwalimu wa miaka kumi na minne, nikakuibia wewe uliyekuwa ukiniita Madam.

Alhamisi iliyopita nilimweleza Madam Magreti yote. Akasema, “Waandikie wale wataalamu leo.” Niliwaandikia. Jumatatu nikasimama paredi nikawaambia wanafunzi nani aliiona ile sayari na nani alijichukulia sifa. Hawakupiga makofi. Jana wataalamu wamenijibu: ripoti yao haijatoka, kwa hiyo jina lako litaingia, tena la kwanza. Wameomba picha za karatasi zako, nami nimezituma. Nafasi ya mafunzo ni yako ukiitaka, yanaanza mwezi wa nane. Madam Magreti anasema kazi yako haijapewa mtu. Sapit naye ameniambia mzee mwenyewe huuliza kila siku utarudi lini Kilosa, na kwamba yeye Sapit ataweza kumwangalia. Mimi sitaki kukuamulia. Nimekuamulia vya kutosha.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya mafunzo. Sikuijaza hata mstari.

Jumamosi hii nitakuwa stendi ya Mikumi kuanzia saa nne asubuhi mpaka basi la mwisho. Nataka unisikie kwa masikio yako, na kama ni kunigombeza, unigombeze mbele za watu, nitatulia. Ukiona huwezi kuja, mpe Sapit hiyo fomu ukishaijaza, nami nitaituma bila kukuuliza neno. Yeye anaweza pia kuniletea jibu lingine lolote utakalotaka nilisikie.

Urbanus anakusalimu, na mama ntilie wa pale getini anauliza kama kwenu bado mnakula vizuri. Nisalimie watoto wote wa bomani. Mungu amponye mzee wetu kabisa.

Ni mimi niliyekukosea,
Consolata.