Nyuma ya Mzee Gitonga

Jumatatu, 9 Machi 1987
Nimepiga pasi magauni tangu alfajiri. Makaa mabovu, majivu tele, kola ya gauni la buluu imechafuka. Nimelifua tena. Nimefika soko la Gikomba nikiwa nimechelewa, na bado ikabidi nizunguke kwa maseremala, kwenye matope. Njia ya mkato inapita nyuma ya kigoda cha Mzee Gitonga, mwenyekiti wa safu yetu ya mitumba. Nyuma yake hapiti mtu. Ni mwiko wake. Anaogopa kurogwa, nadhani. Mbele yake tunapita tumeinama. Hakuna aliyewahi kumpigia kura. Alikaa tu, tukamzoea.

Jumatano, 11 Machi
Kibanda changu cha kona anapewa mke wake mdogo. Ametangaza leo mbele ya watu, usinga mkononi, bila hata kuniangalia. Ndicho kinachowalisha wanangu wanne, Mutua na wadogo zake! Mwisho wa mwezi niwe nimetoka. Nimelia chooni. Kisha nikajikasirikia kwa kulia.

Jumapili, 15 Machi
Baada ya kanisa Kalekye amekuja kula hapa nyumbani Makadara. Mtoto wa dada yangu, yuko chuo kikuu, anasomea historia ya wafalme. Nimemwambia sisi tuna mmoja sokoni, aje amsome bure. Amecheka mpaka akapaliwa na chai. Anasema kuna wafalme wa zamani waliokatazwa kukanyaga udongo, wengine wasionekane wakila. Miiko iliwakuza, na miiko hiyo hiyo ikawafunga. Mambo ya ajabu. Nimemwambia Ukambani hatukuwa na mfalme, wala Wakikuyu, watu wa Gitonga, hawakuwa naye. Wazee walikaa pamoja wakasemezana. Huyo babu ambaye Gitonga anajisifia kila siku alivishwa kofia ya uchifu na Mzungu. Sasa huyu wetu ametoka wapi?
"Anti, si mmemtengeneza wenyewe?" akasema, mdomo umejaa chapati.
Neno hilo limeniuma kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 17 Machi
Nimekwenda kwa afisa wa soko. Nimesema nataka uchaguzi, na mimi mwenyewe nitasimama. Amenikodolea macho kana kwamba nimeomba kuendesha gari lake. Lakini amekubali. Jumamosi ya tarehe 28, kwa mlolongo, kila mtu apange foleni nyuma ya anayemtaka.
Nimetoka nje nikakumbuka maana yake. Mlolongo! Mchana kweupe, Mzee anatazama. Nani atathubutu?

Ijumaa, 20 Machi
Hakuna anayethubutu. Nduta, jirani yangu wa kibanda, ambaye tumekula sahani moja tangu watoto wakiwa mgongoni, amenipita leo kama anapita mti. Vijana wa mkokoteni ndio wamesema ukweli: "Mathe, sisi tuko na wewe, lakini huyo buda wa kigoda atatumaliza."
Mzee ametuma neno. Nikishindwa, nisikanyage tena sokoni.

Jumatano, 25 Machi
Amechinja mbuzi. Soko zima limekula, Nduta naye. Moshi umenifuata mpaka kwenye nguo ninazouza. Namchukia huyu mtu. Na nilitamani nyama, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 28 Machi
Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda. Lazima niandike.
Afisa alieleza utaratibu: wagombea mbele, watu nyuma. Mimi nikasimama karibu na mtaro, peke yangu kama mwizi aliyeshikwa. Mzee alikuja na kigoda chake, akaketi. Afisa akamwomba asimame. Akakataa. Yeye hasimami kwa ajili ya mwanamke, alisema. Basi, afisa akapuliza filimbi.
Hakuna aliyetikisika. Nilisikia nyundo za maseremala. Nikasema moyoni, kwaheri kibanda.
Kisha mpwa wake Mzee, mwaminifu kuliko wote, akatoka kwenda kupanga foleni. Akafika nyuma ya kigoda. Na Mzee, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, akageuka kama aliyeumwa na siafu, akamchapa na usinga usoni.
"Nani yuko mgongoni kwangu?"
Mpwa akaruka pembeni. Halafu kijana mmoja wa mkokoteni akapaza sauti:
"Sasa buda, tukuchague tukipitia wapi? Si wewe ndio ulikataza watu huko nyuma?"
Kicheko! Sijawahi kusikia Gikomba ikicheka vile. Wamama walishika mbavu, hata afisa alijifunika mdomo. Mzee alipiga kelele kwamba leo ameruhusu, njooni, piteni. Lakini watu walikuwa wamepata pa kujificha. "Aa-aa, Mzee, mwiko ni mwiko. Hatuwezi kukukosea heshima." Wakamwinamia vizuri kabisa, wakapita mbele yake, wakaja nyuma yangu.
Wa kwanza alikuwa Nduta. Nilihisi pumzi yake shingoni. Alikuwa analia. Foleni ikapinda mpaka kwa maseremala. Kwa Mzee walibaki watu wa nyumbani kwake tu, nao walisimama ubavuni, si nyuma.
Kibanda ni changu. Nilibebwa juu kwenye mkokoteni, nikapiga vigelegele vyangu mwenyewe, sikuona haya. Jioni Kalekye amekuja, ameniita malkia. Nimemwambia afunge mdomo, lakini jina hilo nimelipenda. Nimelipenda sana.

Jumatatu, 30 Machi
Mvua kidogo asubuhi. Mzee Gitonga hakuja.
Nilipoingia kwenye safu wamama waliacha kuongea. Mmoja alinifutia benchi. Mwingine, mzee kuliko mimi, alipita mbele yangu ameinama. Niligeuka kuangalia kama kuna mtu mwingine. Hakuna. Ni mimi. Nimeogopa kuliko nilivyoogopa Jumamosi.
Nimemwambia afisa kura irudiwe kila mwaka, nitake nisitake.
Saa ya chakula Nduta aliniletea machungwa, akabaki amesimama, anasubiri nimruhusu kuketi. Nduta huyu huyu. Nimemwambia keti. Akatabasamu, hakuketi. Basi nikashuka kwenye benchi, nikakaa chini juu ya gunia. Akaweka machungwa chini.
Kisha akasema, "Sogea huko, Mama Mutua, umenimalizia nafasi."
Nikasogea.