Mifano ya Mwalimu

Mwenzangu uko wapi? Nimejifungia bafuni. Mchumba wangu yuko sebuleni na shangazi.

Si unajua anamfundisha shangazi Kiingereza. Leo ni yale maneno makaidi, yanayogeuka yakiwa mengi. Foot, feet. Tooth, teeth. Kila neno analitungia sentensi.

La kwanza, "My feet are big." Kweli, viatu vyake si ulishajikwaa navyo mlangoni. La pili, "I lost two teeth." Kweli, meno mawili yalimtoka akicheza mpira.

Wakafika child. Akasema children, halafu bila hata kupepesa macho: "My children live with their mother."

Watoto wangu wanaishi na mama yao. WANGU. Mtu aliyeniapia hajawahi kuitwa baba, na harusi ni mwezi ujao.

Nikamuuliza, watoto gani? Akacheka. "Mpenzi, huo ni mfano tu."

Mfano tu. Mbona miguu haikuwa mfano? Mbona meno hayakuwa mfano?

Tena angesema child, ningesema ulimi umeteleza. Kasema children. Hao ni kuanzia wawili.

Shangazi naye, unamjua alivyo. Akakoroga chai yake taratibu, akauliza, "Na wife je, mwalimu, wakiwa wengi?"

"Wives."

Shangazi akasubiri sentensi. Na mimi nikasubiri.

Mwalimu akafunga kitabu, akasema somo la leo limeisha.