Mama Aje kwa Basi

Kwako Dada,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako, ni nyingi, kwa hiyo mgawie na Shemeji fungu lake, na watoto lao, wasigombanie. Hujambo? Mama hajambo? Ile nyonga yake inamwacha alale siku hizi, au bado anakesha akiilaumu? Mimi mzima. Nakula, natembea, na nguo zangu zote zinanitosha, ingawa mkanda nimeuongezea tundu.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi kila mtu ana simu. Lakini wewe Dada huongei na simu, unatangaza. Unaweka spika, Mama anasikia, jirani anasikia, hata fundi bomba aliyekuja kuangalia maji anachangia mada. Haya ninayoandika ni ya masikio yako peke yako. Soma ukiwa chumbani na mlango umefungwa, halafu ukitoka mwambie Mama kwamba namsalimia sana, basi.

Nianze na lile kubwa ili usihangaike kulitafuta. Safari ya ndege ya Alhamisi haipo. Humu ndani ya bahasha kuna tiketi mbili za basi, siti za nyuma ya dereva, ili Mama apate pa kunyooshea mguu. Mtaondoka Jumanne, mtalala njiani kwa binamu yetu mwenye duka la vipuri, nimeshaongea naye, na Jumatano jioni nitawapokea stendi mimi mwenyewe. Ijumaa asubuhi daktari wa mifupa atamwona Mama kama ilivyopangwa. Najua unachotaka kusema. Najua Mama akikaa kitako muda mrefu machozi yanamtoka, na hapa namwambia akae siku mbili kwenye barabara ile yenye mashimo. Najua ameshawaambia watu wote kwamba mwanawe atambeba angani, na kwamba gauni la safari limeshashonwa. Nitukane, nastahili. Ila nisome mpaka mwisho kwanza.

Dada, huko nyumbani mnadhani mimi ni tajiri. Sikulaumu, sare inadanganya watu. Mwenye nyumba wangu aliponiona siku ya kwanza na shati jeupe na ile mistari ya begani, alipandisha kodi hapo hapo, bila aibu. Hajui kwamba chumbani mwake tunaishi marubani wanne kwa vitanda viwili. Anayerudi anamwamsha anayeondoka, na shuka bado lina joto la mwenzako. Ukimkuta mwenzako amelala fofofo unamwonea huruma, unakaa kwenye ndoo unamsubiri aamke.

Mshahara wetu sisi si wa mwezi kama wa mwalimu. Kampuni inatulipa kwa saa za kuruka, na saa inaanza kuhesabiwa ndege inapoanza kutembea, inakatwa inaposimama. Na ndege zetu ni za masafa mafupi. Unapaa, abiria anapewa juisi, hajaimaliza unashuka. Halafu mnakaa chini mnasubiri hawa washuke, mizigo itolewe, mafuta yaje, wale wapande, na yule mmoja ambaye hakosekani, aliyepotelea dukani akinunua manukato, atafutwe. Muda wote huo unafanya kazi ya bure. Uko uwanjani tangu alfajiri mpaka giza linaingia, lakini kwenye malipo inaonekana umefanya kazi nusu siku. Mvua ikiufunga uwanja ndiyo balaa kabisa, unashinda na njaa ukiwa umevaa tai. Wahudumu wetu ni watu wema, wakibakiza biskuti wananiwekea. Usicheke, Dada. Siku nyingine hicho ndicho chakula changu cha mchana.

Ndiyo maana siku zangu za mapumziko, na usiku mwingine nikitoka kazini, naendesha teksi ya jirani. Hilo nilikuficha. Siku moja nilimbeba baba mmoja kutoka uwanjani, akaanza kumsema rubani aliyemleta, eti amewabwaga chini kama gunia la viazi, eti siku hizi wanaokota watu barabarani wanawapa ndege. Nikamwitikia kwamba ni kweli kabisa, mambo yameharibika. Rubani mwenyewe nilikuwa mimi. Alinipa na bakshishi.

Utaniuliza kwa nini sipumziki. Sheria inaruhusu. Rubani akichoka anasema amechoka, na hakuna wa kumlazimisha. Mpangaji wetu wa zamu ni mama mmoja tunayemwita Bibi Huruma, kwa kuwa huruma hana hata ya dawa. Ukimpigia kwamba umechoka hakugombezi hata kidogo. Anakujibu kwa sauti laini kwamba sawa, pumzika, afya kwanza. Halafu saa zako anampa mwingine, na wiki inayofuata unakuta umepangiwa mara mbili tu, na ile baada yake vivyo hivyo, mpaka uende mwenyewe ofisini kumwambia kwamba umepona. Nilijaribu mara moja. Ni ule mwezi niliokwambia kwamba benki ina matatizo.

Kuacha kazi nako kumefungwa. Unakumbuka mkataba ule tuliosaini sebuleni kwako, tukanywa na soda. Kampuni ilinisomesha kuendesha aina hii ya ndege, na mimi nikakubali kuitumikia miaka mitano au niwarudishie gharama zote kwa mkupuo. Shemeji, Mungu ampe maisha marefu, akaiweka nyumba yenu dhamana. Hata nusu ya miaka hiyo sijafika. Nikiondoka mwenyewe, au wakinifukuza kwa kosa langu, watakuja kugonga mlango wenu.

Sasa nikueleze kilichotokea, na hapa ndipo nakuomba uwe umekaa.

Mwezi jana nilipangwa na kapteni mmoja mzee tunayemwita Kobe, maana nyumba yake anaibeba mgongoni. Kwenye begi lake kuna mto, shuka, jiko dogo la umeme na sufuria. Hana chumba mjini, analala kwenye viti vya ofisi ya marubani ili pesa yote iende kwa wanawe. Ni rubani hodari, Dada, na mtu wa utani, abiria wanampenda. Siku hiyo tulikuwa tumesharuka tangu asubuhi, tumebakiza safari ya mwisho. Kobe usiku wake alikesha, wafagiaji walikuwa wanapiga deki pale ofisini. Mimi usiku huo nilikuwa naendesha teksi.

Sisi tuna utaratibu. Ndege ikishafika juu inajiendesha yenyewe, na kama mmoja amezidiwa na usingizi anaruhusiwa kufumba macho kidogo, mwingine akibaki macho. Ila lazima aombe kwa mdomo, na mwenzake ajibu kwa mdomo kwamba amepokea. Usipojibiwa hulali. Basi jua lilikuwa linatupiga usoni, mle ndani kuna joto zuri. Kobe akaniambia anafumba macho dakika kumi, nishike. Anaapa kwa watoto wake kwamba nilimjibu nimeshika. Dada, mimi hilo jibu silijui. Sikumbuki kuombwa, sikumbuki kujibu. Kumbe mdomo ulijibu mwenye mdomo ameshalala.

Tuliamshwa na mhudumu. Alipiga simu ya ndani kuuliza kama akusanye vikombe, maana aliona muda wa kushuka umepita na ndege haishuki. Nilipofungua macho niliona kichwa cha Kobe kimelala begani kwake, mdomo wazi. Nikachungulia chini nikitegemea mji, bati na barabara. Hakukuwa na mji. Kulikuwa na milima nisiyoijua. Tulikuwa tumeupita uwanja zamani. Redioni waongozaji wa ndege walikuwa wanatuita, wanatuita, na kijana mmoja wa mnarani sauti ilikuwa imeshakauka, anatuita kama mtu anayemwita ndugu yake aliyezama. Nikamtikisa Kobe, naye akaamka akiuliza nani ameshika.

Tuligeuza. Kobe akawaambia watu wa mnarani kwamba redio ilikuwa imekatika. Akawatangazia abiria kwamba kulikuwa na foleni angani, tena akatia utani kidogo. Alitua vizuri mno, matairi yaligusa chini bila hata kishindo, na abiria wakapiga makofi. Nilikaa pale nasikiliza makofi hayo, nikashindwa kufungua mkanda.

Fundi wa ndege alipoambiwa redio mbovu alishinda juani akiitafuta hitilafu. Alifungua, akapima, akafunga, akafungua tena. Mwisho akang'oa redio nzima iliyo nzima akaweka nyingine. Alipomaliza alituangalia, mimi na Kobe, kwa muda mrefu. Akasema tu kwamba tukapumzike. Nadhani alijua. Kobe jioni ile aliniambia nikisema mimi tumekwisha wawili, na kwamba mkataba wangu anaujua, na nyumba ya Shemeji anaijua, maana nilimsimulia mwenyewe siku za furaha. Hakunitisha. Alikuwa analia.

Ungedhani tumejifunza. Nilidhani hivyo mimi pia, nikaacha teksi wiki mbili. Kisha kodi ikafika, nikarudi. Na si sisi tu, Dada. Nimeanza kuwachunguza wenzangu pale kwenye basi dogo linalotupeleka uwanjani. Kila mmoja kichwa kinagonga kioo. Tukikutana tunaulizana umelala, na anayesema amelala tunamcheka kwamba anatia chumvi.

Ndege yenu ya Alhamisi ni ya jioni, ni safari ya mwisho ya siku. Ratiba ilipotoka niliikimbilia kuona nani atawaendesha. Ni Kobe, na mimi. Mama alitaka mwanawe ndiye ambebe, na Bibi Huruma bila kujua amempangia hivyo hivyo. Nilikaa kwenye ndoo yangu nikajaribu kumwona Mama kwenye kile kiti cha dirishani nilichomchagulia, amevaa gauni jipya, anamsimulia abiria wa pembeni kwamba rubani ni mwanangu, nimemzaa mimi. Nikaona siwezi. Sitaweza kupaa naye. Ndiyo sababu ya basi, Dada. Mama nitamwambia kwamba ndege imeharibika. Ataninunia, nitavumilia. Heri alie kwa nyonga.

Sikuulizi nifanye nini. Ukiniambia niseme ukweli, nitausema, na wewe na Shemeji na watoto mtatafuta pa kulala. Ukiniambia nikae kimya, utakuwa umelibeba na wewe jambo hili, na sitaki ulibebe. Kwa hiyo hilo usinijibu, hata kwa simu, hata kwa mafumbo. Nijibu tu kwamba mmepata basi.

Jana nilipita kwa dada wa tiketi kurudisha viti vyenu. Alifurahi sana, maana ndege ilikuwa imejaa na kuna watu walikuwa wakisubiri. Aliwapa palepale mbele yangu mzee mmoja na mkewe, waliokuwa wamekata tamaa. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea dua ndefu, mkewe akiitikia. Akaniuliza kama ni mimi nitakayewaendesha. Nikamwambia ndiyo, Mzee, ni mimi, karibuni sana.

Nisalimie Shemeji, mwambie lile koti alilonipa bado nalivaa. Wabusu watoto. Mwambie Mama asisahau dawa zake za maumivu, azishike mkononi, zisiwekwe kwenye buti ya basi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba wenu