Ukurasa Mmoja wa Bi Mwanahawa

Jumatatu, 2 Juni
Maelezo ya wateja wanne leo. Zamani mteja mmoja alimaliza siku nzima, kwa mkono. Sasa narekodi kwa simu, akili mnemba inafupisha, nachapa. Wakili, bosi wangu, anataka ukurasa mmoja tu. "Kibaha hii nani ana muda wa kusoma kurasa kumi na mbili, dogo?"

Jumanne, 3 Juni
Bi Mwanahawa, mjane, ametoka Kurui, huko Kisarawe. Jirani kauza shamba la bibi huyu, yeye akiwa matangani. Alizungumza kwa saa mbili. Alianzia kisimani, akauzunguka mpaka wote kwa maneno: kila mkorosho na aliyeupanda, kaburi la mumewe, makaburi ya wanawe wawili. Alipomaliza akaanza tena, kwa kurudi kinyume. Ndivyo wanavyothibitisha mpaka kwao. Mwongo hukwama akirudi.

Mashine iliona marudio. Ikakata. Kikabaki: "Mlalamikaji anadai shamba la urithi." Nilijua haitoshi. Niliogopa kuchelewesha. Nikachapa, bibi akaweka dole gumba. Simu imejaa, nikafuta rekodi.

Jumanne, 19 Agosti
Tumeshindwa. Baraza la ardhi linasema maelezo yetu hayataji alama hata moja ya mpaka. Mnunuzi keshaanza kukata mikorosho.

Jumatano, 20 Agosti
Wakili anataka rekodi ili akate rufaa. Nikasema simu iliibiwa. Akanipa pole! Najichukia.

Mchana nilijaribu kuyaandika upya kwa kumbukumbu. Aya mbili, nikakwama. Shuleni insha zangu ndizo zilizokuwa ndefu kuliko za wote. Leo kila sentensi nasubiri kumaliziwa. Mkorosho wa tatu aliupanda nani? Sijui. Nilikuwepo, lakini sikusikiliza. Simu ndiyo ilisikiliza.

Jumatatu, 25 Agosti
Wakili ameacha rufaa. Hana cha kusimamia.

Bi Mwanahawa alikuja saa nne. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Hakugomba. Aliomba nimsomee aliyoyasema siku ile, maana yeye hasomi. Nikasoma. Hata dakika mbili hazikufika. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Endelea, mwanangu."

"Imeisha, bibi."

"Na wanangu je?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba aliwataja, mara mbili, na mimi nilifuta. Akajitanda kanga yake vizuri, akauliza gari la Kisarawe linaondoka saa ngapi.