Mzee Gustav Aliita, Sisi Tukavuta Pumzi

Dada Nirmala,

Nimechukizwa, na hapa ugenini, Upplands Väsby, sina mwingine wa kumwambia kwa Kiswahili. Ndiyo maana nakuandikia wewe, uliyetutoka miezi minne sasa.

Unamkumbuka Birgit, msimamizi wetu katika nyumba ya wazee? Ameanzisha darasa la yoga kwenye chumba cha kulia, kila Jumatano mchana. Anasema ulimfundisha wewe. Picha yako imetundikwa ukutani, udi unafuka, na wafanyakazi tunalala sakafuni kama samaki mnadani.

Nilikwenda kwa sababu ya picha ile. Wewe hukunifundisha kulala chini. Ulinifundisha jikoni, tumeinamia vyombo, sabuni imetufika viwikoni: "Rehema, yoga ni kutomdhuru mtu na kusema kweli. Kupinda mgongo hata paka anaweza."

Jumatano iliyopita Mzee Gustav alianza kuita chumbani kwake. Alikuwa amejikojolea. Tangu mafuta yaadimike wamepunguza joto vyumbani, nawe unaijua Januari ya huku. Niliinua kichwa. Birgit, amefumba macho, akasema, "Hiyo ni kelele tu. Iacheni ipite." Wenzangu wakavuta pumzi. Nami nikavuta, dada. Nililala pale nikimsikia mpaka akanyamaza.

Kunyamaza kwake ndiko kulikoniinua. Nilimkuta anatetemeka, shuka limegandia ngozi, kidonda cha mgongoni kimefumuka. Nilipomwosha alinishika mkono, akasema asante. Asante! Nilitapika kwenye ndoo.

Jioni Birgit aliandika kwenye daftari la zamu kwamba mzee alipumzika vizuri. Aliponiona nimekunja uso akaniambia, "Hasira ni sumu, Rehema. Nirmala angekufundisha kuiachilia." Jina lako, kinywani mwake! Nilitamani kumtemea mate. Badala yake nikainamisha kichwa nikasema, "Ndiyo." Hiyo "ndiyo" inanichefua kuliko udi wao wote, kwa kuwa ni yangu.

Binti yake Gustav huja Jumapili kutoka Tumba. Nitamngoja mlangoni nimweleze yote, hata dakika zile nilizolala chini nikimsikia baba yake. Wanaweza kunifukuza, na bila kazi sina kibali cha kukaa hapa.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi nitasema. Na sauti ikinikatika, nitaanza upya.

Mdogo wako,
Rehema