Mkwe hakutikisa finjani

Shoga wee, kaka yangu Thani leo katuua!

Wakwe zake watarajiwa wamekuja kwetu Mawaleh. Mama kaona pampu ya tangi la samaki na matumbawe inanguruma, kaizima ili watu wasikizane. Kumbe ikizimwa maji hushuka kwenye sanduku la plastiki chini ya tangi, alolitengeneza Thani mwenyewe. Likafurika, maji yakapita chini ya zulia kimya kimya.

Baba mkwe kaketi zuliani, anamiminiwa kahawa, hatikisi finjani kusema basi. Anaongezwa. Hatikisi, shoga, hatikisi! Thani anachekelea: "Kaipenda kahawa yetu!"

Mama akakanyaga zulia. Chwaa! "Ya Rabbi, Thani, tangi lako limefurika!"

Mzee akainuka mbio, kanzu imerowa nyuma yote: "Alhamdulillah! Mie naogopa kuinuka, nikidhani ni mimi!"