Majani ya Chini ya Josho

Cheptiret, nje ya Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako dada Nekesa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na zikukute na afya, wewe na shemeji Okumu na huyo Akumu wenu ambaye naambiwa ameota meno na sasa anauma kila mgeni. Sisi huku tuko. Mvua inanyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni. Mke wangu Nasambu ndiye amekuletea barua hii, kwa kuwa anakuja Kisumu kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, na nimemkataza kuondoka kwako kabla hajaona umeifungua. Simu zangu hushiki, ujumbe husomi, basi nimerudia karatasi kama wazee wetu. Ukitaka kuichana, ichane ukishaimaliza.

Najua una hasira na mimi, na sikulaumu. Kaa wale waliokufa walikuwa wako. Wewe ndiwe uliyewatoa mto Nzoia kwenye debe, watu wa huku wakatucheka, ati Wabukusu wameanza kufuga wadudu. Ndiwe uliyemwambia Mzee kwamba siku moja utaacha kupika kwenye hoteli ya watu, ufungue yako hapa Eldoret, na mchuzi wa kaa ndio utakaowaleta wateja. Uliponiambia kwenye simu, huku unalia, kwamba nimeizika hoteli yako kabla haijapata mlango, nilishikilia simu sikioni mpaka ukakata.

Lakini acha nikupe habari za Mzee kwanza, maana tangu uolewe hujaona vile alivyowapenda wale kaa. Mama alipotuacha alikuwa anakaa tu mlangoni akitazama barabara. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimempumzisha zamani, shamba letu lenyewe ni dogo, hana la kufanya. Vile vidimbwi vyako vya kaa ndivyo vilivyomwinua. Kila asubuhi anavaa gambuti, anachukua gunia, anashuka kijitoni kuchuma majani ya maji: zile nyasi laini zinazoota chini kabisa, na vile vijani vidogo vinavyoelea juu kama pumba. Omena, dagaa wa huko kwenu ziwani, hakukubali iwe ndiyo chakula chao. Alisema omena ni ya kuonjesha tu, kidogo, ili wasije wakalana wenyewe kwa wenyewe. Shibe ya kaa ni majani, tena kaa akivua gamba na mwili ukawa laini, majani hayohayo ndiyo anamojificha. Aliyaosha kwanza, akayakung'uta kutoa ruba, ndipo akayatupa kidimbwini jioni wanapotoka kula. Mimi alinifanya kibarua wake. Nikiosha vibaya, nilisikia! Mtu mzima mimi, karani wa stoo ya mahindi, nina watoto, ananiuliza kama hii mikono nimeiazima.

Na unakumbuka sharti lake. Pale chini ya josho la ng'ombe, maji yanapotuama, majani huota manene kweli, tena ni karibu kuliko kijitoni. Hapo alikataza kabisa. Alisema kaa na kupe ni ukoo mmoja, na dawa inayomwangusha kupe haitamsalimia kaa, itamwangusha pia. Sharti hilo ulilijua wewe, nililijua mimi, hata watoto wangu wanalijua. Ndiyo maana uliniuliza siku ile akili zangu nilikuwa nimeziacha wapi.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Nilitoka kazini nikakuta kaa wametoka majini wametapakaa kwenye nyasi, wengine chali, miguu inatetemeka. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mzee alikuwa amepiga magoti katikati yao, anawageuza mmoja mmoja, na alikuwa analia, Nekesa. Hata tulipomzika mama sikumwona akilia hivyo. Aliponiona alisimama, akasema hii ni dawa ya josho, haiwezi kuwa kitu kingine. Akauliza kwa sauti kubwa mpaka majirani wakaja, ni mjinga gani amechuma majani kule.

Nikasema ni mimi.

Lo, nilikemewa! Alisema nimeona uvivu kutembea hatua chache zaidi, kwa hiyo nimeua jasho la dada yangu. Majirani wanasikia, watoto wangu wanasikia. Kisha akaomba simu, akakupigia yeye mwenyewe kukwambia ndugu yako amemaliza kaa wako. Mengine uliyasikia kwa masikio yako, na ya kwako niliyasikia mimi.

Sasa dada, kama umesimama, keti.

Mimi sikwenda josho. Siku ile kutwa nilikuwa stoo, malori yamepanga foleni, hata chai sikunywa. Aliyechuma majani yale ni Mzee. Gunia lake lilikuwa palepale miguuni pake, limelowa, linanuka dawa, na yeye amelikanyaga huku akituuliza ni nani. Nilimtazama usoni nijue kama anaficha. Haki ya Mungu, hakuwa anaficha kitu. Hakukumbuka. Kesho yake Kim, yule kijana anayesimamia josho, alikuja kwangu kwa heshima, akaniambia alimkuta Mzee pale akichuma, akamwonya, na Mzee akacheka, akamuuliza njia ya kwenda kiwandani kwa sababu amechelewa zamu. Nilimwomba Kim asimwambie mtu, na mpaka leo hajasema.

Ungekuwa mimi ungefanyaje? Ningemwambia, baba, ni wewe? Vingi vimeshamtoka. Huweka chumvi kwenye chai, humwita Nasambu kwa jina la mama. Kitu alichokuwa amebaki nacho kizima ni kujua kaa wanakula nini. Sikuweza kumnyang'anya hicho pia, tena mbele za watu. Nikaona heri mjinga niwe mimi. Na kwenye simu ningekueleza vipi, naye amekaa ubavuni pangu, masikio yangali makali kuliko yangu?

Nimempeleka hospitali. Daktari amesema ni ugonjwa wa kusahau. Dawa inaweza kuupunguza mwendo, lakini kurudi nyuma haurudi.

Nilikuwa nimeamua kukaa kimya, niibebe hasira yako hadi ikuishe. Sisi ni watoto wa tumbo moja, tungepatana tu. Lakini naona siku zinakwenda mbio. Juzi Mzee alisimama mbele ya picha ya harusi yako, akaitazama sana, akaniuliza huyu bibi harusi ni binti wa nani. Nilimwambia ni wako, Mzee. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyetajiwa jina la mgeni. Dada, nilitoka nje nikalia. Kama huji nyumbani kwa sababu yangu, utakuja wakati yeye hakujui tena, na hilo sitaweza kulibeba.

Basi njoo. Kaa wachache walipona katika kidimbwi cha juu, na asubuhi nikipata nafasi nashuka naye kijitoni kuwachumia. Ukifika, usimwambie ukweli huu. Wala usije ukanikumbatia mbele yake na kuniomba msamaha, nakujua ulivyo mwepesi wa machozi. Nigombeze. Nigombeze kweli, kwa ule ulimi wako. Siku hizi ananiita majina ya watu wengi: mara ndugu yake aliyekufa, mara bosi wake wa kiwandani. Lakini tukifika kidimbwini akaanza kunikemea kwa ajili ya kaa wako, hakosei. Ananiita Wanyonyi. Ni hapo tu, dada, ndipo ninapokuwa mtoto wake.

Nisalimie shemeji Okumu, na huyo mng'ataji mdogo umpakate kwa niaba yangu. Nasambu usimpe barua ya kujibu. Mwambie tu siku utakayokuja, nami nitakungoja stendi.

Ni mimi, ndugu yako mdogo,
Isaiah Wanyonyi